Ua Upande wa Kushoto

Mwalimu alikuwa na namna yake ya kuvalisha ua, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba ipo nyingine. Kwanza aliingiza vidole viwili nyuma ya kitambaa, kati ya nguo na ngozi, ili ncha ya pini ikipotea njia imchome yeye, si anayevalishwa. Kisha aliweka ua kichwa juu na kikonyo chini, akatoboa nguo, akapitisha pini juu ya kikonyo, akairudisha ndani na kuificha. Pini ya pili ilitokea upande mwingine na kuikatiza ya kwanza.

"Ukitia pini moja ua linazunguka," alisema, "linaanza kutazama sakafu kama mtu aliyefumaniwa. Tia mbili. Hata mkicheza mpaka visigino vya viatu vikatike, halibanduki."

Mwalimu, mama wa bibi harusi, aliyasema hayo sebuleni kwake, siku ya kikao cha mwisho cha wazazi kabla ya harusi, huku vidole vyake vikiwa nyuma ya kola ya koti la baba wa bwana harusi. Baba huyo mtaani walishamsahau jina, walimwita Fundi Sponji, kwa sababu alitengeneza makochi na hakuwahi kurudi nyumbani bila chembe za sponji kwenye nywele. Alisimama wima kama mwanafunzi anayekaguliwa kucha. Hakuwahi kuvalishwa ua tangu azaliwe, na mikono yake hakujua aiweke wapi.

"Umeona, mkwe mwenzangu?" Mwalimu alimgeukia mke wa Fundi. "Siku yenyewe, watoto wakishavishana pete, mimi na wewe tutasimama mbele tuvalishane. Mimi nakuvalisha wewe, wewe unanivalisha mimi, ukumbi mzima unatazama. Sitaki kusikia habari za upande wa kwetu na upande wa kwenu. Hebu njoo nikujaribishe."

Mke wa Fundi aliuvuta mkoba wake kutoka mapajani na kuukumbatia kifuani. "Mimi unaniacha mpaka siku yenyewe, Mwalimu," alisema. "Tusiumalize utamu leo."

Watu walicheka, na Mwalimu akacheka nao, akarudisha ua kwenye bakuli la maji. Fundi peke yake hakucheka. Aliona jinsi mkewe alivyoushika ule mkoba, na alijua anaficha nini, kwa sababu kilichokuwa nyuma ya mkoba alikikata yeye kwa kisu chake.

Mwaka uliopita madaktari walimwondoa mke wa Fundi titi la kushoto. Saratani ilikuwa imeanza humo, na walisema wameiwahi. Nje ya hospitali waliojua ni wawili tu, Fundi na dada yake mkubwa aliyekuwa akiishi nao. Mtoto wao wa pekee, huyo bwana harusi, aliambiwa mama ametolewa uvimbe, naye kwa kuwa ni kijana wa kiume hakuuliza uvimbe ulikuwa wapi. Jeraha lilipopona, Fundi alijifungia kwenye karakana na kuanza kumtengenezea mkewe titi la bandia la kujazia sidiria. La kwanza alilikata kwenye sponji ya mito ya kochi, likawa jepesi, ikifika adhuhuri limeshapanda mpaka karibu na shingo. La pili la sponji ya godoro likawa gumu kama mkate wa juzi. Mwishowe aliunganisha mbili, laini nje na nzito ndani, akashona katikati kifuko cha mchanga uliochekechwa ili kitu kitulie mahali pake. Mkewe alilivaa, akajitazama kwenye kioo mbele na ubavuni, akasema, "Kifuani mwangu sasa kuna ujenzi." Hiyo ndiyo ilikuwa shukrani yake, na Fundi aliipokea kwa mikono miwili.

Mtazamaji hakuona kitu. Lakini kutazama ni jambo moja, na vidole viwili vya Mwalimu ni jambo jingine.

"Siendi," mke wa Fundi alisema walipofika nyumbani. Hakuwa hata amevua viatu.

"Huendi wapi?" Fundi aliuliza, ingawa alijua.

"Harusini. Mtasema naumwa tumbo."

Shangazi wa bwana harusi, yaani yule dada mkubwa wa Fundi, alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Mdomo wake haukuwa na breki. "Harusi ya mwanao mmoja! Kisa ziwa! Watu wana miguu ya mbao na wanakwenda kwenye harusi, wanacheza."

"Mguu wa mbao hauingizwi vidole, wifi."

Shangazi akarudi kwenye mchele wake.

Fundi aliketi kwenye kochi, moja lililokuwa limetoka kwa mteja asiyerudi kulichukua. "Mama," alisema kwa upole, maana hivyo ndivyo alivyomwita tangu mtoto azaliwe, "na Mwalimu akijua, kuna ubaya gani? Ni mtu mzima mwenzako."

"Hujui wewe. Pale hospitali nilijifunza. Mtu akishajua, haongei tena na wewe, anaongea na ugonjwa wako. Anakupunguzia sauti. Anakuwekea kiti. Nimemlea mtoto yule mpaka amepata mke, siku hiyo nataka niwe mama wa bwana harusi, nisiwe mgonjwa aliyekuja harusini. Sasa yule mwanamke aingize vidole pale mbele, akutane na sponji, ashtuke, na ukumbi mzima umtazame anavyoshtuka?" Akavua kiatu kimoja. "Heri tumbo."

Akaingia chumbani. Fundi alibaki akikwaruza gundi iliyokauka kwenye kucha zake. Alikuwa amemwona mwanamke huyo akitapika dawa mpaka akaishiwa nguvu za kushika beseni, na hakulia. Leo sauti yake ilitetemeka kwa sababu ya ua. Moyo ukamwambia fanya kitu, na Fundi alikuwa mtu wa vitendo, shida yake ni kwamba vitendo vyake vilikuwa vizuri zaidi kwenye mbao na vitambaa.

Kesho yake alifunga karakana mapema, akanawa, akaenda shuleni kwa Mwalimu. Alimkuta peke yake katika chumba cha walimu, amezungukwa na madaftari. Fundi alisimama mlangoni na kofia mkononi mpaka alipoambiwa kaa, na alipokaa, kiti kilimtia aibu kwa mlio, akajikuta anakikagua miguu.

"Kinataka gundi tu," alisema.

"Hukuja kwa ajili ya kiti, mkwe," alisema Mwalimu na kushusha miwani.

Fundi alikuwa ameipanga hotuba yake njia nzima, lakini sasa ilikuwa imemkimbia. "Ni mke wangu. Ana mzio."

"Mzio wa nini?"

"Wa maua. Ukimsogezea ua kifuani anapiga chafya mpaka pumzi inakata. Nikasema, kama inawezekana, lake lifungwe mkononi. Kwenye kifundo, kwa utepe. Huku mbali na pua."

"Maskini!" Mwalimu aliweka kalamu chini. "Kumbe ndiyo maana siku ile alikimbia? Na lilikuwa ua moja tu!"

"Hata moja, Mwalimu. Hata la kwenye picha linamsumbua."

Hapo alizidisha, na yeye mwenyewe alijisikia amezidisha, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Mwalimu hakuonekana kutilia shaka. Alifikiri kidogo huku akigongagonga daftari, kisha uso ukamchangamka.

"Mkononi hapana. Waliokaa nyuma hawataona kitu. Lakini usiwe na wasiwasi wowote, mkwe wangu. Kama kinachomsumbua ni ua la shambani, mimi nitamshonea la kitambaa. Kwa mikono yangu. Na kifuani litakaa."

"Usijisumbue, Mwalimu."

"Mkwe hasumbui."

"Una kazi nyingi, haya madaftari..."

"Madaftari yapo kila siku. Mtoto wangu anaolewa mara moja."

Basi Fundi akajikuta anashukuru. Alishukuru akiwa amekaa, akashukuru akiwa amesimama, akashukuru tena mlangoni, na akarudi nyumbani njia nzima akijitukana kimoyomoyo. Mkewe alipomuuliza ametoka wapi alisema kuna kiti amekwenda kukitazama, na kwa kweli hakusema uongo.

Zilibaki siku chache kabla ya harusi pale Mwalimu alipokuja bila taarifa, kaboksi mikononi, kalishika kama anabeba mayai. Fundi alikuwa uani akipigilia kitambaa kwenye kochi, misumari midogo imejaa mdomoni kama kawaida ya mafundi wa kazi hiyo. Alimwona Mwalimu akikata kona ya nyumba, na kabla hajaitoa misumari mdomoni aseme neno, mgeni alikuwa ameshafika kwenye kibaraza.

Kwenye kibaraza ndiko mke wa Fundi alikokuwa ameotesha mawaridi yake, katika makopo ya rangi. Alikuwa ameinama anayapogoa. Moja lililochanua alikuwa amelikata na kulichomeka sikioni, jingine alikuwa amelisogeza puani na kufumba macho.

"Hodi," alisema Mwalimu.

"Karibu! Karibu sana mkwe mwenzangu, mbona hukusema nikakuandalia?"

Mwalimu hakukaribia. Alitazama lile la sikioni, akatazama lile la mkononi, akatazama makopo yote yaliyojipanga ukutani. "Dada, na mzio je?"

"Mzio gani?"

Fundi alikuwa karibu ameze msumari. Alikohoa, akaitemea yote kiganjani, lakini alikuwa ameshachelewa. Mke wa Fundi alimtazama mumewe, akaelewa yeye ndiye aliyepeleka maneno, na hakuelewa amesema nini hasa.

"Nimefahamu," alisema Mwalimu. Sauti yake ilikuwa ya darasani, ile ya kumwambia mtoto kaa chini bila kufoka. "Si ua usilolitaka. Ni mkono wangu. Siku ile nilikuona ulivyoshika mkoba wako, nikajiambia labda nimewaza vibaya. Ungeniambia tu, dada. Sisi ni watu wazima. Nimekaa nashona petali hizi mpaka macho yamenivimba, nikidhani namsaidia mgonjwa."

"Mwalimu, si hivyo. Naapa si hivyo."

"Basi ni vipi?"

Mke wa Fundi alifungua mdomo. Neno lilikuwepo, lilikuwa fupi tu, lakini halikutoka. Mwalimu alimsubiri, na kweli alisubiri kwa muda wa kutosha. Kisha aliweka kaboksi juu ya ukingo wa kibaraza, kati ya makopo mawili.

"Atakayekuvalisha utamchagua mwenyewe," alisema, akaondoka na mgongo wake umenyooka.

"Mzio!" Mke wa Fundi alimgeukia mumewe. "Mimi ninayelala na mawaridi dirishani! Kwa nini hukusema nina kichaa, ukamaliza kabisa?"

"Nilitaka kukusaidia, mama."

"Umenisaidia. Sasa mwanao anaoa kwenye nyumba ambayo mama mkwe anaamini tunamwonea kinyaa. Umenisaidia mno."

Fundi alikaa kwenye ukingo na misumari yake kiganjani, yenye mate. Shangazi alitokea ndani, maana nyumbani hapo hakuna kilichompita. Alichukua kaboksi na kulifungua.

Ua lilikuwa waridi kubwa, jeupe. Mke wa Fundi alilitoa na kuligeuza. Kitambaa alikitambua mara moja, alikuwa amekigusa dukani siku waliyokwenda wanawake wote kukichagua. Mwalimu alikuwa ameshona ua kwa masalio ya gauni la binti yake mwenyewe. Kila petali ilipindwa ukingo kwa uzi usioonekana, na katikati palijaa shanga za lulu, zimefungwa moja moja. Chini ya kikonyo alikuwa ameshonea kipande cha pamba laini ili kisimkwaruze mtu ngozi.

Mke wa Fundi alikaa chini na kulia. Hakulia kwa sauti, machozi yalishuka tu na hakuyafuta.

"Linakaribia uzito wa kufuli," Shangazi alisema baada ya muda, akilipima kwa mkono. "Kwenye lile gauni lako jepesi litashuka mpaka kiunoni."

Mke wa Fundi akacheka katikati ya kilio, akapenga kamasi kwa upindo wa kanga. "Fundi," alisema, "lete sindano zako."

"Za nini?"

"Naenda harusini. Na atanivalisha yeye, kwa vidole vyake viwili. Mimi nilikuwa naogopa aibu yangu, sasa nimemtia mwenzangu aibu mlangoni kwangu, na hana kosa. Akigusa, amegusa. Ila sitaki ua hili alilonishonea lianguke mbele za watu. Hilo sitaki kabisa."

Alimpigia mwanawe simu palepale. "Mwambie mama mkwe wako," alisema, "mama anasema ni yeye tu. Kama si yeye, ua linabaki kwenye boksi." Kijana akataka kujua kuna nini. "Kuna harusi," mama akajibu, akakata simu.

Kazi ile waliifanya chumbani, mlango umefungwa, jua la saa tisa likipenya pazia. Fundi alipiga magoti mbele ya mkewe kama anavyopiga mbele ya kochi la mteja anayelipa vizuri. Alishonea kitambaa kigumu cha ndani ya makochi upande wa ndani wa gauni, kipande kidogo tu, na kingine kwenye sidiria, ili pini ipate kitu cha kuuma. Walijaribu ua. Likainama. Akasogeza kipande juu kidogo, karibu na bega, akatia pini mbili za kukatizana. Likasimama.

"Umeingiza vidole?" mkewe aliuliza.

"Nani?"

"Mwalimu alisema uingize vidole, usije ukanichoma."

Fundi aliingiza vidole viwili nyuma ya kitambaa. Alikuwa amelishika lile titi la sponji mara nyingi sana, akalipunguza, akalifua, akalianika juani akalipindua. Lakini siku zote alilishika kifundi. Leo hakuwa na cha kurekebisha. Aliviacha vidole hapo na mkewe hakuviondoa. Tangu upasuaji mkewe alikuwa akibadilisha nguo nyuma ya mlango wa kabati. Fundi alimshukuru Mungu kwa midomo bila sauti, na mkewe alijifanya hajaona.

Ukumbini palikuwa na joto na spika zenye mkwaruzo. Bibi harusi alimeremeta, bwana harusi alitoka jasho, pete zilivishwa bila kudondoka. Mshereheshaji, kijana mwenye tai ya rangi ya machungwa na maneno mengi kuliko hewa ya ukumbi, akatangaza kwamba sasa mama kwa mama wanavalishana maua, na wenye simu wazitoe.

Mwalimu alipanda kwanza. Alikuwa mwanamke mrefu, na kilemba chake kilimwongezea. Kwa mke wa Fundi alikuwa amesema hamjambo na karibuni, yote yaliyotakiwa na heshima, na si neno moja zaidi. Mke wa Fundi alimfuata akiwa na kaboksi. Fundi alikaa kiti cha mbele kabisa, karibu kiasi cha kuwasikia wakipumua.

Mwalimu alichukua ua. Lakini hakuingiza vidole. Alilishika kwa ncha za kucha, mbali, kama mtu anayebandika tangazo kwenye ukuta wa rangi mbichi, akajaribu kupitisha pini bila kumgusa mwenye gauni. Ilikuwa wazi anafanya hivyo kwa adabu, hakutaka kulazimisha mkono wake kwa asiyeutaka. Pini ikateleza. Akajaribu tena, ua likalala kifudifudi, pini ikadondoka na kugonga sakafu. Mtu mmoja nyuma akaguna. Mshereheshaji akasema kwenye spika, "Mama anatetemeka kwa furaha!" na watu wakacheka kicheko kile cha kumsaidia mtu anayeaibika.

Mwalimu aliinama kutafuta pini, uso umemwiva. Alipoinuka mke wa Fundi alimshika mkono. Fundi aliona kila kitu. Mkewe alichukua vile vidole viwili, cha shahada na cha kati, akaviingiza mwenyewe nyuma ya kitambaa cha gauni, upande wa kushoto.

"Ingiza vidole, Mwalimu, kama ulivyotufundisha," alisema kwa sauti ya chini. "Wala usiogope kunichoma. Upande huu hauumi."

Vidole vya Mwalimu vilifika vilipofika, vikasimama. Fundi alimwona Mwalimu akielewa. Kuelewa huko kulianza kwenye mkono, kukapanda usoni, na macho ya mwanamke yule yakaenda moja kwa moja kwenye macho ya mkewe na kubaki hapo. Hayakushuka kifuani. Hakushtuka, wala hakupunguza sauti, kwa sababu hakusema kitu. Alibana midomo, akashika pini, akatoboa gauni na kitambaa kigumu cha Fundi na sponji ya Fundi mpaka ndani, bila woga, akairudisha na kuificha. Akatia ya pili ikakatiza ya kwanza. Kisha akaweka kiganja chake chote juu ya ua, akalikandamiza kidogo, akasogea sikioni kwa mkwe mwenzake na kunong'ona maneno machache.

Vigelegele vikapasua dari.

Ikaja zamu ya mke wa Fundi. Alichukua ua la Mwalimu na pini, akainua mikono miwili, na wa kushoto ukaishia njiani. Mkono ule tangu upasuaji haukupanda zaidi ya bega, na kifua cha mwanamke mrefu kama Mwalimu kilikuwa juu ya hapo. Alijikaza, akajaribu tena, na Fundi alikuwa ameshanyanyuka nusu kwenye kiti. Lakini Mwalimu alikuwa ameshaona. Bila kumtazama mtu yeyote, alikunja magoti, na viatu vyake virefu na kilemba chake, akashuka polepole mbele ya ukumbi uliojaa wanafunzi wake wa zamani na wazazi wao, akashuka mpaka ua lilipofika mahali mkono ulipofika.

"Mwalimu anampigia mkwewe magoti!" mshereheshaji akapaza sauti. "Upendo gani huu!" Watu walipiga makofi wakidhani ni mbwembwe, na bibi harusi alicheka huku akijifuta macho. Mke wa Fundi aliingiza vidole viwili nyuma ya gauni la mwenzake na kumvalisha kwa utaratibu, hakuharakishwa. Mwalimu alikaa vilevile, amekunja magoti, mpaka pini ya pili ilipoingia.

Fundi alilia waziwazi kama mtoto. Shangazi alimpa kitambaa na kumwambia ajifute, watu wanapiga picha.

Walirudi jioni jua likiwa bado halijazama, kwenye gari la kukodi, Shangazi kalala kiti cha mbele na mdomo wazi. Mke wa Fundi alikuwa amecheza. Alicheza na mwanawe, akacheza na Mwalimu, akacheza na mshereheshaji mwenyewe, na lile waridi jeupe lilitazama mbele muda wote kama lilivyowekwa. Fundi alivumilia mpaka gari lilipopita taa za pili.

"Alikwambia nini?"

"Nani?"

"Usijitie hamnazo. Mwalimu. Pale sikioni."

Mkewe alitazama nje ya dirisha. "Kaniambia asante kwa kuja."

"Basi?"

"Basi. 'Asante kwa kuja, dada.' Na baadaye mezani akaniuliza kama nimekula, akanipunja nyama kama anavyowapunja wengine." Alitabasamu. "Kaongea na mimi, Fundi. Mimi mwenyewe."

Gari lilipiga shimo na wakarushwa, Shangazi akakoroma na kuendelea kulala. Fundi alitafuta maneno. Alikuwa nayo tangu siku ile madaktari walipotoka na kusema wamewahi, na alikuwa ameyashona kwenye sponji, akayafua na kuyaanika, lakini kwa mdomo hakuwahi kuyasema.

"Na mimi asante," alisema.

"Ya nini tena?"

"Ya kubaki."

Mkewe hakugeuka. Aliendelea kutazama nje mpaka wakaanza kuona nyumba za mtaani kwao.

"Umekalia mtandio wangu," alisema mwishowe. Fundi akataka kuinuka ili autoe, lakini mkewe alimshika mkono na kumrudisha palepale alipokuwa.